Sabini na Moja ya Kwetu na ya Kwao

Siku niliyorudi na sabini na moja ya mtihani wa kwanza wa kemia, mama mdogo alipika pilau. Hapakuwa na mgeni wala sikukuu. Alipika kwa ajili ya sabini na moja. Alinunua kuku wawili, akatwanga kitunguu saumu kwa mkono kwa sababu haamini mashine, na kila alipopita karibu na jiko aliitaja ile namba kama mtu anayetaja jina la mkwe mpya.

"Sabini na moja. Kemia. Marekani. Wacha waseme sasa."

Waliokuwa wakisema ni wengi, nitawafikia. Kwanza nieleze nilikuwa natafuta nini kwenye hiyo kemia.

Nilizaliwa Morogoro. Form Four nilipata Division One, nikachaguliwa kwenda Form Five katika shule ya bweni ya wasichana, mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, ambao kwetu kila mtu anajua ni mchepuo wa madaktari. Tuliporudi kutoka likizo ya kwanza tukapangwa mstari nje ya chumba cha matroni kupimwa mimba, kama wasichana wote walivyokuwa wakipangwa. Matroni akanibonyeza tumbo, akambonyeza aliyekuwa nyuma yangu, kisha akarudi kwangu. Shule ikaishia hapo. Mkuu wa shule hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alinishika bega, akasema kwa sauti ya mtu anayekupa pole, "Nenda nyumbani, mwanangu, ukapumzike." Nikaenda. Aliyenipa mimba alifanya mtihani wake wa Form Six kwa utulivu kwenye shule ya wavulana ng'ambo ya barabara, akafaulu. Huyo tusimweke humu, hana kazi humu.

Mama mdogo, anayemfuata mama yangu kuzaliwa, alikuwa ameshakaa Maryland miaka mingi akihudumia wazee majumbani mwao. Ndiye aliyetuvuta, mimi na mtoto. Alivyotuvuta ni hadithi yake, ataisimulia mwenyewe akipenda. Tukakaa naye Bladensburg kwenye ghorofa la matofali mekundu, ngazi zake zikinuka vyakula vya watu wa kila nchi. Mwanangu alipofika miaka mitatu alikuwa anaelewa Kiswahili chote, matusi yakiwemo, lakini ukimwita anakujibu, "I'm busy."

Nikaanza chuo. Fomu iliuliza nataka kuwa nani, nikaandika daktari. Huku udaktari hauendi moja kwa moja kutoka sekondari. Unasoma kwanza kemia, baiolojia, fizikia na hesabu miaka kadhaa, na alama zako zote, tangu muhula wa kwanza kabisa ambao hata njia ya kwenda chooni hujaijua, zinakufuata mpaka mlangoni kwa hao wa chuo cha udaktari. Wanaopita njia hiyo wanaitwa pre-med. Na chuoni kwetu kulikuwa na sharti moja: usipopata C kamili kwenye kemia ya kwanza, hugusi kemia ya pili. Bila kemia ya pili, hakuna daktari. Ungana na wenzako ukafanye kingine.

Ndiyo maana ya pilau.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Mkenya, nesi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye maegesho. Alifika na chupa ya soda, akaketi, akaomba aone karatasi.

"Seventy-one kwa kemia? Aki wewe ni kichwa." Akanirudishia karatasi. "Lakini si ufanye tu nursing, mama? Miaka mbili uko kazini, unalipa nyumba yako. Hii mambo ya pre-med ni ya watoto wenye babao ni madaktari. Huyu mtoto wako atagraduate kabla yako."

"Tutavaa majoho siku moja," nikamwambia. "Nitapunguza gharama za picha."

"Huyu ana mdomo," akamwambia mama mdogo.

"Mdomo alikuja nao. Kula pilau."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anasema kilichosemwa na kila mtu. Baada ya ibada, kwenye misiba, kwenye sherehe za watoto, Mtanzania na Mkenya na Mkongo, wote walikuwa na shauri moja mfukoni, na walilitoa kabla hawajauliza hali yangu. Soma unesi. Wenzako wote wamesoma unesi. Sina ugomvi na unesi. Mshahara wa kuhudumia wagonjwa ndio ulionilisha mimi na mwanangu. Ugomvi wangu ni na mtu anayenipimia gauni ambalo sijaomba, tena anashona hapohapo nimesimama.

Mtihani wa pili nikapata sitini na nane. Sikufurahi, lakini sikushtuka pia. Bado ni B, nikajiambia. Kwetu sitini na moja kwenda juu ni B. A inaanzia themanini na moja, na darasani wanaipata watu wawili, na mmoja wao mnashuku aliuona mtihani mapema. Hayo ndiyo niliyokua nayo. Hakuna aliyeniambia kwamba nimebadilisha nchi na bei ya namba imebadilika pia, na mimi sikuuliza, kwa sababu nani anauliza kama sabini ni sabini?

Basi nilipoitwa na mshauri wa masomo, nilivaa blauzi ya kanisani. Nilidhani naitwa kupongezwa. Nacheka sasa. Siku ile nilikaa kwenye kiti chake nimenyoosha mgongo kama bibi harusi, nasubiri sifa.

Alikuwa mama wa makamo, mpole, na mezani kwake palikuwa na bakuli la peremende. Akanisogezea bakuli kabla ya kusema lolote. Kwetu ukisogezewa kitu kitamu kabla ya maneno, ujue kuna aliyekufa. Sikuchukua.

"Nina wasiwasi na kemia yako," akasema.

"Kwa nini?"

Akanitazama kuona kama namfanyia mzaha. "Una sabini na moja na sitini na nane."

"Ndiyo. B mbili."

Kisha akageuza karatasi yenye ngazi ya alama, akaniwekea kidole. Tisini ndiyo A. Themanini ndiyo B. Sabini na moja ilikuwa C-minus, ile isiyofika C kamili. Sitini na nane ilikuwa D.

Nilihisi masikio yanapata moto. Si kwa sababu ya D. Ni ile pilau. Niliwaona wote wakilamba vidole kwa ajili ya C-minus.

Yule mama akaendelea, taratibu, kama anayemshusha mtoto kwenye kiti. Akasema bado kuna muda wa kujitoa kwenye somo, nitawekewa W badala ya F, haitaniharibia. Akasema ana habari kwamba nina mtoto mdogo. Akasema chuo kina programu nzuri sana ya unesi, na wanawake wa kutoka kwetu wanafanya vizuri mno, wana moyo wa huruma.

"Nani amekwambia nina huruma?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo, akidhani ni utani. Kisha akasema lile neno. Akasema labda ningejipa muda, nipumzike kidogo.

Lugha yake ilikuwa nyingine na sura yake nyingine, lakini mkono wa mkuu wa shule niliuhisi begani, mahali palepale. Watu wanaotaka kukutoa mahali hawakusukumi. Wanakwambia umechoka.

Akanipa karatasi ya kujitoa, niisaini nikiwa tayari. Nikaiweka kwenye mkoba na kuondoka bila kuaga, na kwetu huo ni utovu wa adabu mkubwa. Nilijua ninachofanya.

Nyumbani mama mdogo alikuwa anakunja nguo. Nikamweleza yote nimesimama mlangoni na koti.

Akaweka chini shuka. "Kwa hiyo tulikula pilau ya C."

"C-minus."

"Kuku wawili, mwanangu."

"Najua."

"Na kitunguu saumu nilitwanga kwa mkono." Alinitazama, nikamtazama, na ubaya ni kwamba alianza kucheka yeye, nikashindwa kujizuia. Tulicheka mpaka mwanangu akaja kuona kuna nini, akasema, "Not funny," akarudi kwenye katuni. Kisha mama mdogo akanyamaza ghafla kama alivyoanza. "Wamekwambia usaini?"

"Ndiyo."

"Umesaini?"

"Hapana."

"Shuleni ulisaini?"

"Alisaini baba."

"Haya," akasema, akaokota shuka. "Huku baba hayupo."

Aliyenifungua macho ni yule yule jirani nesi. Alikuja kuchukua sufuria yake, akanikuta nimetandaza kemia juu ya meza yote ya kulia, akauliza mwalimu amesemaje.

"Mwalimu yupi?"

"Wa kemia. Office hours zake si unaenda?"

Kwenye karatasi ya kwanza kabisa ya somo, chini ya jina la mwalimu, palikuwa pameandikwa: Office hours, Jumanne na Alhamisi, alasiri. Mimi, mtoto wa shule za kwetu, nilisoma pale nikaelewa kwamba hizo ni saa ambazo mwalimu ana kazi za ofisi. Nikazingatia sana. Siku hizo hata ukumbi ule sikupita, nisije nikamsumbua. Kwetu ofisini kwa mwalimu unaingia kwa sababu mbili: kubeba madaftari au kuchapwa.

Nilipomwambia hivyo, jirani alikaa chini kwenye zulia. Alicheka akafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Wewe. Hiyo ni time yako. Ameketi huko akingoja watu, na hakuna mtu anakuja. Unaingia tu, unasema hii sielewi."

"Naingia tu?"

"Unabisha, unaingia. Na ukitoka hapo useme umeshindwa, ndio nikuonyeshe nursing. Lakini si kabla."

Alhamisi nikabisha. Mwalimu alikuwa mzee mwembamba, kofia ya baiskeli juu ya meza, sandwichi mkononi. Nilisimama. Akaniambia niketi. Nikabaki nimesimama kwa sababu miguu haikuamini. Akasema tena.

"Nilikuwa najiuliza utakuja lini," akasema. "Nilidhani hutaki msaada."

Nilitaka kumwambia nilidhani hutaki kusumbuliwa, lakini hasira ilikuwa karibu sana na machozi, nikamkabidhi tu mitihani yangu yote miwili. Aliisoma huku akitafuna. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: mbona nimeandika insha?

Na kweli. Swali linadai namba, mimi nimeanza na maana ya neno, nikafuatia sheria, nikachora mchoro, nikaufafanua, na muda ukaisha maswali matano bado ni meupe. Ndivyo tulivyofundishwa. Usipoandika kila unachokijua, mwalimu anasema hukijui. Na majibu ya hesabu nilikuwa namwaga desimali zote zilizotoka kwenye kikokotoo, nisije nikaambiwa nimepunguza, na kwa kila jibu la hivyo alikuwa amenikata alama, kwa sababu desimali zina kikomo chake.

"Kemia unaijua," akasema. "Unajibu swali ambalo sijauliza."

Hakunipa peremende. Alinipa karatasi tupu, saa ya mkononi akaiweka mezani, akasema nifanye mbele yake, namba tu, bila maneno. Nilifanya vibaya. Akasema rudi Jumanne. Nikarudi Jumanne, na Alhamisi, na kila alipofungua ule mlango muhula uliobaki. Mara nyingine nilikwenda na mtoto kwa sababu sikuwa na wa kumwachia, akakaa sakafuni na kofia ya baiskeli kichwani. Mwalimu hakusema kitu. Mtoto ndiye aliyesema. Alimwuliza kwa nini ofisi yake inanuka samaki wa kopo.

Msidhani kwamba basi mambo yakanyooka. Wasiwasi ule ulikuwa ni mnyama. Jumamosi nilikwenda na mama mdogo kwenye mji wa Bowie kumhudumia bibi mmoja kwenye nyumba yenye bustani kubwa, na nikiwa namfunga vifungo vya sweta nilikuwa napiga hesabu kichwani huku midomo ikicheza: nikipata hivi mtihani wa tatu na hivi wa mwisho, nafika, nisipopata, sifiki. Bibi akaniuliza naomba dua gani. Nikamwambia kemia. Akasema wakati wake wasichana walisoma kupika. Nikamwambia hata huko ningepata C-minus. Usiku usingizi ulikuja vipande vipande. Nilikuwa naota bakuli la peremende.

Siku ya mwisho ya kujitoa ikafika. Yule mshauri alinipigia akaacha ujumbe, sauti yake ya upole, akinikumbusha karatasi. Nikaitafuta kwenye mkoba sikuiona. Mwanangu alikuwa ameitoa na kuchora juu yake paka mwenye miguu mingi kuliko inavyohitajika, kwa kalamu ya zambarau, kutoka ukingo hadi ukingo. Nilimtazama paka. Kisha nikambandika kwenye friji. Wageni wakiuliza nawaambia ni kazi ya msanii wa nyumba, na ni kweli.

Mtihani wa tatu nikapata themanini na tatu. Nilipoonyesha nyumbani, mama mdogo hakugusa sufuria.

"Hiyo ni themanini na tatu ya kwetu au ya kwao?"

"Ya kwao."

"Basi nitachemsha mayai. Pilau tusubiri tuone."

Matokeo ya mwisho yalitoka Desemba, kwenye kompyuta. Sisi hatukuwa nayo, nikaenda maktaba na mtoto na koti lake jekundu. Nikaandika namba yangu, nikakosea, nikaandika tena. Hesabu B. Kiingereza B. Baiolojia B. Kemia, nikafunika kioo kwa kiganja kama mtoto, nikasogeza kidole kimoja baada ya kingine. C. Na pembeni ya C, kialama cha kujumlisha.

C-plus. Nataka niseme wazi kwamba hakuna wimbo utakaotungwa juu ya C-plus. Msichana niliyekaa naye darasani alipata B akalia kwenye simu. Mimi nilikaa pale nikaitazama ile alama ya kujumlisha mpaka mtoto akasema anataka kwenda. Wastani wa muhula mzima ulikuwa mbili nukta nane, kati ya nne. Wapo watakaosema kwamba kwa namba hiyo hao wa chuo cha udaktari hawatanifungulia hata dirisha. Labda. Lakini hiyo itakuwa kazi yao kunikatalia siku nitakayofika. Mimi sitawasaidia kwa kukataa kwenda.

Njiani nikanunua kadi ya simu, nikaikwangua palepale, nikampigia mama Morogoro.

"Umepata pointi ngapi?" Hilo ndilo swali la kwetu. Hakuuliza hata baridi.

"Mbili nukta nane, mama."

Kukawa kimya, nikadhani kadi imekata. Kisha nikasikia kigelegele, na nyuma yake kigelegele cha mtu mwingine, jirani bila shaka, na mama akipiga kelele uani kwamba mwanawe amepata mbili, mbili, wakati wale wa kwanza kitaifa wanaishia tatu.

Nikakumbuka. Kwetu pointi zinakwenda chini. A ni pointi moja, na anayepata A tatu Form Six ana pointi tatu, na zaidi ya hapo hakuna kiumbe. Mama alikuwa ananipa nafasi ambayo serikali haijaitunga.

Ningeweza kumwacha. Wengine wangemwacha. Lakini nilikuwa nimeshakula pilau moja ya uongo mwaka ule, na ya pili isingepita kooni.

"Mama, sikiliza. Huku ni kinyume. Namba ikiwa kubwa ndiyo nzuri. Juu kabisa ni nne. Nimepata ya kati. Kemia nimeponea chupuchupu."

Nilisikia akiwaambia wenzake wanyamaze.

"Umefukuzwa?"

"Hapana."

"Muhula ujao unaendelea na hiyohiyo kemia?"

"Naendelea."

"Basi wao ndio wanaohesabu kinyume," akasema mama. "Mimi kigelegele changu sikirudishi." Na akaendelea.

Kilichobaki kilikuwa saini. Kuandikishwa kemia ya pili kulihitaji mkono wa mshauri wa masomo, na mshauri alikuwa yule yule. Safari hii nilivaa jinzi na nikampeleka mwanangu. Akasoma matokeo yangu kwenye kioo chake, akasoma tena, akachukua kalamu, akasita.

"C-plus inaruhusiwa," akasema. "Lakini kemia ya pili ni ngumu zaidi. Ulifikiria lile la kupumzika?"

"Nililifikiria," nikamwambia. "Kwetu mtu akipumzika, tunamchimbia kaburi."

Hakujua kama acheke. Akasaini.

Mwanangu alikuwa ameshasimama kwa ncha za vidole, macho sawa na meza. Nikavuta lile bakuli, nikachota peremende kwa mkono mzima, nikamjazia mfuko wa koti. Anapenda zile nyekundu.